Winta ya kwanza Toronto, watoto wanataka kuteleza kwenye barafu pale City Hall. Naanzia wapi?

MamaWawili: Habarini wakuu. Tumehamia Toronto mwezi wa tano tukitokea Tanga, wanangu wana miaka 9 na 6, kila wakitoka shule ni "mama, wenzetu wote wanaenda kuteleza". Juzi jioni nimepita Nathan Phillips Square, ule uwanja wa mbele ya City Hall, taa zinawaka kwenye yale matao, vitoto vidogo kabisa vinapita mbio, nikatamani ila nikaogopa mtoto asije akavunjika mkono. Viatu vya kutelezea hatuna, kiingilio sijui, na ile barafu inabeba kweli watu wote wale? Mliotangulia nielekezeni.

Kaka_Mkubwa: Karibu sana dada. Kuingia bure, pale ni pa jiji, unalipia kukodi viatu tu kama huna, helmeti nazo zipo. Mkija na treni ya chini ya ardhi shukieni kituo cha Queen au Osgoode, mnatembea kidogo mmefika. Kuhusu kuzama ondoa hofu kabisa, lile si ziwa limeganda lenyewe, kiangazi panakuwa na maji ya kina kifupi tu, ikifika winta wanagandisha kwa mabomba yaliyopita chini. Nendeni asubuhi watu hawajajaa, na mkiona lile gari la Zamboni linaingia mtoke wote, linakwangua juu linamwagia maji yagande upya, mkirudi barafu inang'aa kama kioo.

Mzaramo_wa_Scarborough: Chukua viatu saizi moja juu dada, soksi mbili nene ziingie. Baridi ya pale si mchezo.

BintiPwani: Samahani mkuu hapo nakupinga kabisa. Binti yangu mwaka wa kwanza nilimvalisha hivyohivyo, soksi mbili za sufu na viatu vikubwa, hata dakika 10 hazijaisha analia, vifundo vimelala kwa ndani, nikajua basi huyu hawezi. Mzee mmoja alikuwa kakaa benchi akaja akapiga magoti, akafungua kamba zote, akamvua soksi moja, akaanza kukaza upya, kwenye vidole akaacha ilegee, pale mguu unapopinda akavuta mpaka kidole hakipenyi chini ya kamba, juu akalegeza tena kidogo. Mtoto akasimama wima palepale! Kwahiyo soksi moja nyembamba, kiatu kibane. Jinzi msivae, ikilowa ndo baridi yenyewe hiyo. Wafundishe kukunja magoti, wakianguka waangukie ubavu wasitangulize viganja, na wakiwa chini wakunje ngumi vidole visije vikapitiwa na vyuma vya chini ya viatu vya wenzao. Glovu lazima.

Mzaramo_wa_Scarborough: Hilo la kamba sikulijua dada, asante, wangu wamekuwa wakilalamika miguu muda wote huu.

MamaWawili: Ahsanteni sana, Jumapili tunaenda, nitaleta mrejesho.

MamaWawili: Mrejesho wakuu. Tumeenda saa tatu asubuhi, soksi moja moja, kamba nimekaza kama alivyosema BintiPwani. Mdogo kaanguka sijui mara ngapi, kila mara anaangalia kwanza kama glovu ipo halafu anainuka. Mkubwa baada ya nusu saa kaniachia mkono akaenda peke yake mpaka upande wa pili, akageuka akanipungia, machozi yakanitoka pale pale. Nikaenda kukodi vyangu. Sasa niulize, viatu vya mtumba vya watoto mnapata wapi, maana wanataka kurudi kila wiki.