Usugu wa dawa wodini, nyie mnaufuatiliaje?

MpimaSampuli: Habari wakuu. Nipo maabara ya hospitali ya mkoa, na siku hizi wodi ya vichanga inatuletea Klebsiella (aina ya bakteria) mfululizo, tukipima dawa seftriaksoni haifui dafu na jenta (gentamisini) nayo hivyohivyo. Mganga mfawidhi anataka ripoti ya usugu kwa maambukizi yanayopatikana hapahapa hospitali, ila nilichonacho ni rejista ya karatasi, jina, namba ya faili, mdudu na majibu ya S (dawa inamweza) na R (mdudu ni sugu) basi. Nimejumlisha asilimia ya R inatisha lakini siiamini. Naanzia wapi?

Petri_dishi: Una haki ya kutoiamini mkuu. Sehemu nyingi mgonjwa anaanzishiwa seftriaksoni siku anayoingia, asipopata nafuu ndo wanakumbuka kuleta sampuli maabara tuoteshe mdudu, kwa hiyo maabara inaona wale walioshindikana tu na usugu unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Halafu mgonjwa mmoja analetewa sampuli nne, we umemhesabu mara nne. Chukua ya kwanza tu kwa kila mgonjwa kwa kila mdudu ndani ya kipindi cha ripoti. Shusha WHONET, programu ya kompyuta ya kuwekea majibu ya maabara, ni ya bure, inakuchujia hayo yenyewe na data yake inaingia GLASS, ule mfumo wa WHO ulioanza 2015. Na mdudu mwenye vipimo chini ya 30 usimpe asilimia, andika tu idadi, mfano sugu 12 kati ya 17.

Nesi_IPC: Naongezea. Hiyo rejista haina tarehe ya kulazwa wala wodi!! Bila hivyo huwezi kusema maambukizi ni ya hospitali. GLASS wanaangalia sampuli imechukuliwa lini, kama mgonjwa kashalala zaidi ya siku mbili inahesabika ya hospitali, chini ya hapo ni ya nyumbani. Kwa vichanga hapo panachanganya, mtoto kazaliwa leba yenu hajawahi kufika nyumbani, so andikeni kazaliwa hapo au kaletwa kwa rufaa, na katokea kituo gani. Ila wewe usisubiri ripoti. Ukiona Klebsiella wa vichanga wawili watatu waliolala chumba kimoja wana S na R zinazofanana, mpigie simu in-charge siku hiyohiyo, waangalie mashine za kufyonza makamasi, sinki, dawa zinazochanganywa kwenye chupa moja kwa watoto wengi, na mikono.

MpimaSampuli: Asanteni sana, kesho naongeza safu za tarehe ya kulazwa na wodi. Shida chupa za kuoteshea damu zinaisha kila mara.

Dawa_Kaunta: Mfamasia hapa, Mombasa. Pelekeni hoja ya chupa kwa kamati ya dawa mkiwa na matumizi ya seftriaksoni ya wodi hiyo mkononi, WHO wameiweka kundi la kutumiwa kwa uangalifu na sisi tunaigawa kama panadol. Chupa zikiwa chache basi vichanga wapewe kwanza, na damu itolewe kabla ya dozi ya kwanza.