Leseni ya kulungu: dirishani wananiambia mimi si mkazi

Kutoka: Mwana wa Kibokoni

Assalam alaykum ndugu zangu, na kwa wasio Waislamu, habari za siku nyingi.

Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kupitia jambo hili. Mwaka huu nilikaa Mombasa muda mrefu kuliko nilivyokusudia, kwa sababu mama alikuwa mgonjwa, na baada ya yeye kupata nafuu yakazuka mambo ya nyumba ya urithi pale Kibokoni ambayo nisingeweza kuyaacha mikononi mwa watu. Niliporejea Minnesota nilikwenda kwenye dirisha la leseni katika kaunti yetu ili nichukue leseni ya bunduki ya msimu wa Novemba, na niombe kibali cha kuwinda kulungu jike kabla bahati nasibu ya vibali hivyo haijafungwa mwanzoni mwa Septemba. Karani aliitazama leseni yangu ya udereva, ambayo ni mpya kwa kuwa ile ya zamani ilikwisha nikiwa nyumbani, akaona tarehe iliyotolewa, akaniambia kwamba siku 60 hazijatimia, kwa hiyo mimi si mkazi na natakiwa kulipa bei ya mgeni, ambayo kama mjuavyo ni mara kadhaa ya bei yetu. Nilimweleza kwamba nyumba ni yangu, kodi yake nimeilipa hata nilipokuwa safarini, na grinikadi ninayo. Akanijibu kwamba yeye anafuata kinachoonekana kwenye kompyuta.

Je, kukaa kwangu Mombasa kunavunja ukazi wa jimbo, na ni hati gani nikiipeleka itakubaliwa?

Naongeza jambo la pili, kwa sababu ndilo litakaloniamulia kama nilipe bei hiyo au nikae nyumbani. Kulungu wenyewe hawaonekani tena. DPA yetu, yaani eneo letu la vibali vya kulungu, iko kaskazini, na zamani mtu aliyepanda dungu lake alfajiri alikuwa akichagua ampige yupi, ilhali sasa nashuka magharibi nikiwa nimeona kunguru na kindi tu. Wenzangu mnaonaje huko mliko?

Kutoka: Baba Zuhura (St. Cloud)

Wa alaykum salaam, na pole kwa maradhi ya mama.

Ndugu yangu, nakushauri usibishane na ofisi na wala usiichukue hiyo leseni ya mgeni, kwa sababu ukishaandikwa kuwa si mkazi umejiharibia mengi. Kwanza, hiyo bunduki iliyomo nyumbani itakuwa na maswali, kwani katika fomu ya 4473, ile ya kununua bunduki dukani, wanauliza habari za uhamiaji, na anayeshika silaha bila haki anafungwa na serikali kuu. Pili, utakapojaza N-400, yaani ombi la uraia, watakuuliza kwa nini uliandikwa mgeni. Mimi mwenyewe nilipohama kutoka kaunti moja kwenda nyingine, kitambulisho kilichapishwa kwa anwani ya zamani, na jambo hilo dogo likanifuata mpaka kwenye bima ya gari na shule ya mtoto. Nilikwenda na bili ya umeme wakasema wanataka hati ya kupanga, nikaenda na hati ya kupanga wakasema haina muhuri, ingawa hati za hapa hazipigwi muhuri, kama mnavyojua.

Kuhusu kulungu, kwetu huku katikati ya jimbo wapo, lakini wapo kwenye mashamba ya watu, na mashamba hayo siku hizi hayana huruma.

Kutoka: Binti Frere Town

Baba Zuhura, kwa heshima zote, umechanganya mambo ambayo hayahusiani, na mtu mwenye shida anaweza kuingiwa na hofu isiyo na sababu.

Mwenye grinikadi haruhusiwi wala hakatazwi bunduki na leseni ya uwindaji. Anayehitaji leseni ya uwindaji ili ashike silaha ni mwenye visa ya muda, mathalani mwanafunzi au mfanyakazi wa mkataba, kwa sababu sheria ya serikali kuu inamkataza silaha na risasi isipokuwa anapokuwa na mojawapo ya sababu zilizotajwa humo, na leseni halali ya uwindaji ni mojawapo. Ukazi wa jimbo kwa ajili ya leseni ya kulungu ni jambo la jimbo, na ukazi wa N-400 ni jambo la serikali kuu: huko wanachotazama ni kama ulikaa nje zaidi ya miezi sita mfululizo, kwani hapo huchukuliwa kwamba mwendelezo umekatika mpaka uthibitishe vinginevyo, na ukifikisha mwaka mzima unakatika. Hawahesabu kulungu wako. Mwenye kusafiri kwa muda mrefu na ajaze I-131, fomu ya kuomba kibali cha kurejea, kabla hajaondoka, jambo ambalo tumelisema hapa mara nyingi na bado watu wanapanda ndege bila kulifanya.

Kuhusu wanyama, nasikitika kwamba kila mtu anasema wamekwisha bila kutazama majira ya baridi. Kule kaskazini hupimwa ukali wa baridi kuanzia Novemba mosi hadi mwisho wa Mei: kila siku ambayo theluji imefika inchi 15 ni alama moja, na kila siku ambayo joto limeshuka hadi sifuri ya Fahrenheit au chini yake ni alama nyingine, na alama zikipita 180 majira hayo huitwa makali. Baridi ya 2022 hadi 2023 ilikuwa ya namna hiyo katika sehemu nyingi za kaskazini-mashariki. Kulungu hazami theluji kwa hiari yake. Inapomfika tumboni hutumia mafuta yote ya mwili kwa kutembea tu, na jike aliyebeba mimba katika hali hiyo huzaa mwana dhaifu au asiyeishi. Baridi iliyofuata ilikuwa nyepesi isivyo kawaida, lakini kundi lililopoteza wana wa mwaka mmoja halijazwi na baridi moja nzuri.

Kutoka: Mwalimu wa Ganjoni (Wisconsin)

Salaam kwenu nyote. Dada ameeleza vyema habari za theluji, ila amewanyamazia mbwa mwitu, na sijui kwa nini watu wa mjini huwanyamazia siku zote.

Minnesota inakadiriwa kuwa na mbwa mwitu wanaokaribia 3,000, na hesabu inayotumika ni kwamba mmoja aliyekomaa hula kulungu 15 hadi 20 kwa mwaka au nyama inayolingana nao. Pigeni hesabu wenyewe. Mwezi Februari 2022 mahakama ya shirikisho huko California iliwarudishia ulinzi katika sehemu kubwa ya nchi, na tangu hapo mwindaji wa kwetu hana la kufanya isipokuwa kutazama nyayo. Sisi hapa Wisconsin tuliruhusiwa kuwawinda mwezi Februari 2021, na katika siku zisizotimia tatu waliuawa 218 ilhali kiwango cha wawindaji wa jimbo kilikuwa 119, kwa hiyo nakiri kwamba hata upande wetu hatukujistahi, na kelele zilizofuata tulizitafuta wenyewe.

Lakini linaloniumiza zaidi ni CWD, ugonjwa wa kulungu wa kukonda hadi kufa. Iligunduliwa kwa kulungu wa porini hapa mwaka 2002, na huko kwenu Minnesota mwaka 2010, upande wa kusini-mashariki. Mnyama hukonda, hudondokwa na mate, husimama kama asiyejua alipo, kisha hufa, na kinachosababisha hubaki kwenye udongo kwa miaka. Hadi leo haijathibitishwa kwamba imempata binadamu, lakini wataalamu wa afya wanashauri nyama ya mnyama aliyepatikana nayo isiliwe. Kwa hiyo sasa unapiga kulungu, unapeleka kichwa kituoni wakate tezi za shingoni, unaweka nyama kwenye friza, na unangoja majibu kabla mkeo hajaweka sufuria motoni. Wazee wengi niliokuwa nikiwinda nao wameacha kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya mbwa mwitu. Walisema hawataki mchuzi unaohitaji maabara.

Kutoka: Baba Zuhura

Dada wa Frere Town, nashukuru kwa kusahihishwa, ingawa ningependa lugha iwe ya upole zaidi, kwani hata sisi tusiosoma sheria tuna umri.

Nilichotaka kusema kuhusu mashamba ni hiki. Katika Minnesota ardhi ya kilimo haihitaji kibao: ukiingia bila idhini umekosa, iwe imeandikwa au haijaandikwa. Zamani kulikuwa na mkulima jirani ambaye ukimpelekea paja la kulungu na chakula kidogo cha sikukuu mlielewana mwaka mzima. Amefariki, watoto wake wameuza, na mwenye shamba wa sasa anaishi mjini na amekodisha uwindaji kwa watu wanaolipa. Mwenye ardhi anawaona kulungu kila jioni kutoka barazani kwake, nasi tunaotegemea msitu wa umma tunajazana mahali pamoja siku ya kwanza ya msimu, kila mmoja na koti lake la rangi ya chungwa, na kulungu mwenye akili amekwisha hamia kwa tajiri. Mwaka 2003 wawindaji wa jimbo hili walipata takriban kulungu 290,000, na mwaka 2023 hawakufika 160,000. Hesabu hiyo haiwezi kuwa ya theluji na mbwa mwitu peke yake. Wawindaji nao wamepungua, na vijana wetu hawataki kuamka saa kumi alfajiri.

Kutoka: Mzee wa Likoni

Wanangu, nawasoma kutoka huku nyumbani, na nacheka na kusikitika kwa pamoja.

Mnalalamika kuhusu bei ya leseni, nasi huku uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 na haujarudi. Mwenye kukamatwa na paa mmoja aliyetegwa kwa waya leo anapelekwa mahakamani. Sisemi sheria ni mbaya, maana palahala waliobaki Kenya wako Shimba Hills tu, na paa nunga wa Arabuko-Sokoke hawezi kuvumilia mitego mingi. Lakini Wasanye, jamii ya wawindaji wa huku Pwani, walikuwa wakiwinda ndovu kwa upinde na sumu ya mshale tangu enzi za mababu, na ilipotangazwa mbuga ya Tsavo mwaka 1948 waliamka asubuhi wakiitwa majangili katika nchi yao. Uliletwa mpango wa Galana mwaka 1960 ili wawinde kwa utaratibu wa serikali, haukudumu. Kwa hiyo mtu anayeambiwa na karani kwamba si wa mahali alipozoea kuwinda hayuko peke yake, na hakuanza yeye.

Mwana wa Kibokoni, mama yako nilimwona msikitini Ijumaa, anaendelea vizuri. Ila usimletee nyama kavu ya kulungu kwenye sanduku kama ulivyomwahidi, kwa kuwa nyama haiingii bila kibali cha mifugo na watakunyang'anya uwanja wa ndege mbele ya watu.

Kutoka: Mwana wa Kibokoni

Shikamoo mzee, na ahsante kwa habari za mama, nyama sileti.

Nashukuru kwa michango yote, lakini narudi kwenye dirisha. Sheria inasema mtu awe amedumisha makazi halali katika jimbo kwa siku 60 kabla ya kuomba. Swali langu ni kama kudumisha makazi maana yake ni mwili wangu kuwepo hapa, au ni nyumba, kodi na watoto. Karani anasema mwili. Mimi nasema nyumba.

Kutoka: Binti Frere Town

Peleka hati ya kodi ya nyumba na ile leseni ya udereva iliyokwisha, na uombe kuzungumza na mkubwa wake. Zaidi ya hapo mimi si wakili wa jimbo.

Kutoka: Mwalimu wa Ganjoni

Au chukua upinde. Msimu wa mishale huanza katikati ya Septemba na kuendelea hadi mwisho wa Desemba, kwa hiyo hata ukizingoja siku 60 bado utakuwa na wiki nyingi msituni, na msitu wenyewe ni mtulivu. Isitoshe, kwa sisi Mashafii wa Pwani, mshale hauna mjadala: katika hadithi ya Adiy bin Hatim, kilichochoma kwa ncha kinaliwa na kilichopiga kwa ubapa hakiliwi, ilhali risasi wanazuoni wameizungumza sana. Piga bismillahi unapoachia, na ukimkuta hai umchinje.

Kutoka: Baba Zuhura

Mwalimu, risasi imekwisha halalishwa na wanazuoni wengi wa leo, tusianze upya hapa.

Mimi shida yangu iko kwa mchinja nyama. Huyu wa karibu yangu anatengeneza soseji za kulungu kwa kuchanganya na mafuta ya nguruwe, kwa sababu nyama ya kulungu ni kavu, na mashine yake ni hiyo hiyo kwa wateja wote. Mwaka jana nilimwomba aioshe kwanza, akaniangalia kama niliyemtukana. Anayemjua mchinjaji kati ya St. Cloud na Duluth anayekubali kukata vipande vizima tu bila kusaga, tafadhali aandike jina la mji wake kabla ya Novemba.