Twita za motoka zinaungua, na ndoa ni Jumamosi (Lubumbashi)

Mtoto wa Kamalondo: Bandugu, mnisaidie. Jumamosi tunasindikiza bibi harusi, na Noah yangu ndiyo itatangulia msafara. Nimefunga ampli ya chaneli 4, spika za milango ya mbele, na subwufa ya besi nyuma. Krosova (kigawa sauti) nimeweka HPF 80 mbele, za chini ya Hz 80 zisipite, na LPF 80 kwa subwufa, za juu zisipite. Jana twita zote mbili, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zimenyamaza, na hiyo ni jozi ya pili. Ninunue za wati ngapi?

Papa wa Ruashi: Vijana na wati! Miye nilikuwa na redio ya kaseti ndani ya Peugeot 504, bila ampli, na tuliimba njia nzima mpaka Likasi. Mpunguze sauti, wazee watakuwa ndani ya hiyo motoka.

Fundi Katuba: Wati ziache kwanza. 80 inafaa wufa ya mlango (spika kubwa ya humo), inafaa subwufa pia. Spika zako zilikuja na visanduku viwili vidogo vya krosova. Viko wapi?

Mtoto wa Kamalondo: Ampli iko na krosova yake ndani, mzee.

Fundi Katuba: Sijauliza ampli.

Mtoto wa Kamalondo: Nilivitoa. Havikuenea ndani ya mlango, basi nikaunga twita moja kwa moja kwenye ampli. Lakini HPF imewashwa! Na fundi wa jirani anasema dawa ni twita za wati 300. Nimeshamwachia dola 20, sasa nitarudi nyuma namna gani?

Dada wa Bel Air: Dola 20 wiki ya ndoa! Kaka yangu alikopa pesa ya muziki wa harusi yake. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa deni likingali pale. Nunueni vinywaji.

Fundi Katuba: HPF 80 inazuia tu sauti zilizo chini ya Hz 80. Juu ya hapo zote zinapita, na twita inataka kuanzia kama 3000 hivi. Waya wa koili yake ni mwembamba kama unywele. Ukiupa sauti za ngoma na za mwanaume anayeongea, unaungua, hata sanduku liandikwe wati 300. Rudisha visanduku. Vikipotea, unga kapasita moja kwa kila twita, kwenye waya wa chanya, izuie sauti nzito. Hesabu yake: 159000 gawa kwa Hz unayokatia, gawa tena kwa omu (ukinzani) za twita. Twita ya omu 4 ukikata kwenye 4000, unapata karibu 10 mikrofaradi. Chukua isiyo na chanya wala hasi, volti 50 au zaidi. Na geni ya ampli irudishe chini. Ile ni ya kulinganisha ampli na redio, si kitufe cha sauti. Ukiizungusha mpaka mwisho, mawimbi yanakatwa vichwa, na twita ndiyo inaumia.

Msomaji wa Kampemba: Miye siamini. Jozi mbili zife, wufa isiguswe? Picha hakuna. Kesho tutasikia "nauza ampli, bei nzuri".

Papa wa Ruashi: Kweli, hata jina la bibi harusi hajataja.

Mtoto wa Kamalondo: Jina la dada yangu siliweki hapa, papa. Nimepima na mita sasa hivi: wufa ya kushoto 3.4, ya kulia 3.5, twita zote mbili mita haisogei. Ukifungua mlango, harufu ya kuungua ingali humo. Siuzi kitu.

Fundi Katuba: Mimi namwamini. Wufa ya omu 4 inasoma hivyohivyo, na koili iliyokatika mita haisogei. Wufa imepona kwa sababu 80 ni yake.

Msomaji wa Kampemba: Basi unisamehe, ndugu.

Mtoto wa Kamalondo: Visanduku nimeviona chini ya kiti. Vinaenea chini ya dashibodi, si lazima mlangoni! Mzee, waya za twita nilizikata fupi. Naweza kuongeza?

Fundi Katuba: Ongeza, choma na risasi ya kulehemu, usifunge kwa mkono. Chanya kwa chanya pande zote mbili. Na jioni hii pitia kwa yule jirani kabla hajanunua kitu, umwombe kwa upole.