Slabu inayotema joto usiku: tupeane uzoefu

Mama Tudor: Wajameni mnaokaa ghorofa ya mwisho, kaskazi hii mwalala vipi? Paa letu ni slabu tupu. Mchana twavumilia, shida yaanza magharibi. Zege limenyonya jua kutwa, giza likiingia ndipo lalitema humu ndani. Saa tano usiku ukigusa dari, mkono wahisi uvuguvugu kama wa chapati iliyofunikwa, na feni yazungusha joto lile lile. Fundi mmoja ataka kupiga dari ya jipsamu kwa chini, mwenzake ataka kazi ifanyike juu ya slabu. Pesa ni kidogo. Aliyejaribu anieleze.

Baba Kisauni: Dada, anza na chokaa nyeupe juu, uipake mara mbili. Kwetu watoto walihisi tofauti usiku ule ule. Ila masika huiosha, kwa hivyo warudia kila mwaka.

Wa Likoni: Sisi tuliezeka makuti juu ya slabu, tukaacha nafasi upepo upite. Hapo ndipo penye faida, jua haliligusi zege kabisa. Jioni twakaa huko na wageni. Moto ndio wa kuchungwa, jiko la makaa halipandi juu.

Mzaliwa wa Majengo: Mimi ni fundi, niko Toronto. Huku kazi ni kinyume: bafu za chini ya ardhi twazitilia nyaya za joto sakafuni. Ukizilaza juu ya zege tupu, joto lashuka udongoni na mteja alipia umeme wa kupasha udongo. Kwa hivyo kwanza twalaza shiti za foamu ngumu, inchi 2 ukipata nafasi, maungio yote twayaziba kwa tepu, ndipo huja simiti, nyaya na vigae. Foamu haipoozi wala haipashi, kazi yake ni kuzuia joto lisivuke.

Mama Tudor, kwako adui atoka juu, basi foamu ikae juu. Dari ya jipsamu yasaidia kiasi, lakini slabu yenyewe yaendelea kupikwa mchana na kupoa usiku, hutanuka na kunywea, na nyufa huanzia hapo. Usiiache foamu wazi, jua huila. Ifunike kwa tabaka la simiti lenye mteremko wa kuelekea mabomba ya mvua.

Mama Tudor: Ahsante sana kaka. Karibu na tangi la maji pana ufa. Yawezekana foamu ikapita juu yake?

Mzaliwa wa Majengo: La, dada. Maji yakiingia chini ya foamu hutajua yalikopenyea. Ziba ufa, paka dawa ya kuzuia maji slabu nzima, ikauke. Kisha ziba mabomba ya mvua, jaza maji kina cha vidole viwili, yatuame siku mbili huku ukikagua dari kwa ndani. Ikibaki kavu, mwite fundi wa foamu.