Mjadala: Bima ya afya kwa wote, mfuko mmoja au mifuko inayoshindana?

Mwanzisha mada
Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatulazimisha Watanzania tuamue: kitita cha msingi, yaani orodha ya huduma ambazo bima hulipia, kibebwe na mfuko mmoja wa umma, au mifuko kadhaa igombee wanachama chini ya masharti ya serikali? Mimi naunga mkono ushindani unaosimamiwa. Alain Enthoven, mchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliupendekeza kwa Marekani mwaka 1978, lakini walioutekeleza hasa ni Uholanzi, tangu Januari 2006. Kule kila mkazi lazima akate bima. Kampuni haina ruhusa ya kumkataa mtu, awe mzima au ana saratani, na bima ileile inauzwa kwa bei ileile. Kitita cha msingi kinapangwa na serikali. Mwisho wa mwaka mwanachama asiyeridhika anahama. Watoto chini ya miaka 18 hawalipi ada, na wenye kipato kidogo hupewa ruzuku.

Sasa tazameni kwetu. Machi 2024 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulipoanza kutumia kitita kipya chenye bei mpya, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wake. Wangehamia wapi?

Mtakwimu bima
Ndugu, umeeleza masharti ukaacha kinachoyafanya yawezekane, yaani mfuko wa kusawazisha, unaohamisha fedha kutoka mifuko yenye wagonjwa wachache kwenda yenye wengi. Tufanye hesabu kwa mfano. Mtu mwenye afya njema anagharimu shilingi 40,000 kwa mwaka, mgonjwa wa kisukari 600,000. Mfuko A una wanachama 1,000, kati yao wenye kisukari 50: gharama yake milioni 68. Mfuko B nao una 1,000, wenye kisukari 200: gharama milioni 152. Wastani wa yote miwili ni 110,000 kwa kila mwanachama. Ukitoza kiasi hicho kote, A anabaki na milioni 42 mkononi na B anapungukiwa milioni 42, hata kama B ndiye anayesimamia dawa na hospitali vizuri zaidi. Mwaka wa pili B anafilisika, au anajifunza kuwakimbia wagonjwa.

Na sheria ya kutomkataa mtu haizuii kuwakimbia. Unafungua ofisi ghorofa ya nne isiyo na lifti. Unatangaza kwenye mashindano ya mbio. Unachelewesha malipo ya kliniki za figo hadi zenyewe zivunje mkataba. Hakuna aliyekataliwa, ila wagonjwa wamekwisha kuondoka.

Dawa yake ni kuhamisha zile milioni 42 kutoka A kwenda B kabla ya ushindani kuanza. Waholanzi walianza kusawazisha kwa umri na jinsia mwaka 1993, wakaongeza makundi ya dawa (wagonjwa wanaotambuliwa kwa dawa wanazotumia) mwaka 2002 na makundi ya magonjwa mwaka 2004, ndipo wakafungua soko mwaka 2006. Walitumia miaka 13 kujenga mizani kwanza.

Mkaguzi wa madai
Naongezea hapo kwenye makundi ya dawa. Ukimlipa mfuko zaidi kwa kila mwenye kisukari, wenye kisukari wataongezeka kwenye makaratasi. Marekani wamepambana na jambo hili miaka mingi katika Medicare Advantage, bima ya wazee inayolipiwa na serikali lakini kuendeshwa na kampuni binafsi, ambako mpango wa bima hulipwa zaidi mwanachama akiandikiwa maradhi mengi. Uholanzi hawategemei neno la daktari peke yake: ili mtu ahesabiwe kwenye kundi la dawa, kwa kawaida awe amechukua dozi za kila siku zaidi ya 180 katika mwaka uliotangulia.

Kigezo hicho kinahitaji kila dawa iliyotolewa iwe kwenye kumbukumbu, kwa namba ya mwanachama. Kwetu mgonjwa anakosa dawa hospitali, ananunua duka la dawa kwa fedha taslimu, na dozi hiyo haionekani popote. Kwenye hesabu atakuwa mtu mwenye afya njema wa 40,000.

Mganga wa wilaya
Mnazungumzia mifuko tu, watoa huduma wamesahaulika. Richard Kronick na wenzake walikadiria mwaka 1993, kwa mazingira ya Marekani, kwamba panahitajika watu milioni 1.2 ili mipango mitatu inayojitegemea kikamilifu ishindane. Dar es Salaam, yenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, inafaa. Njombe mkoa mzima haukufika 900,000. Kwenye wilaya yenye hospitali moja, mifuko mitatu itapanga foleni mlango mmoja, na hospitali ndiyo itakayoamua bei. Hapo mnunuzi mmoja mkubwa ana nguvu zaidi kuliko watatu wadogo.

Mwanzisha mada
Mganga, kwa wilaya hizo nakubali bei zipangwe na serikali kwa mifuko yote. Mifuko ishindane kwa kasi ya kulipa madai, kwa upatikanaji wa dawa na kwa huduma kwa mwanachama. Lakini msidhani mfuko mmoja unaponya kila kitu. Kenya wamechagua njia hiyo kupitia SHA, mamlaka yao ya bima ya afya, tangu Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya mshahara, kiwango cha chini shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, na kibarua cha kukusanya mchango wa sekta isiyo rasmi bado kipo palepale.

Mtakwimu bima
Kibarua hicho ndicho kinachonitia hofu kuliko vyote. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, kwa hiari. Wazazi wengi walikata kadi mtoto akishaugua, mfuko ukalemewa, na mwaka 2023 NHIF ikausitisha utaratibu ule. Huo ulikuwa mfuko mmoja, bila mshindani. Ukiweka mitano huku kujiunga bado ni hiari, kila mmoja utapambana na hali hiyo na pia na hila za wenzake.

Kwa hiyo napendekeza mpangilio huu. Kwanza ulazima wa kujiunga, kwa kaya nzima, na ruzuku ya wasiojiweza itengwe kwenye bajeti. Pili, namba moja ya mwanachama kwa vituo vyote na maduka ya dawa yenye mkataba. Tatu, miaka mitatu ya kukokotoa usawazishaji kwenye karatasi, bila kuhamisha fedha, matokeo yakitangazwa hadharani. Kama makadirio ya gharama za wagonjwa sugu bado yanapishana mno na malipo halisi, mlango wa ushindani ubaki umefungwa.

Mkaguzi wa madai
Na anayekokotoa asiwe NHIF. Hawezi kuwa mchezaji na pia mshika kipimo.