Naomba ushauri: injinia wa madini kuingia kazi ya taka

MwanaSabaki: Assalaam aleikum. Mimi ni injinia wa madini, kwetu Malindi. Mgodi wa titani kule Kwale ulifungwa Desemba 2024, tangu hapo niko nyumbani. Sasa nimepata njia ya kuingia biashara ya kuzika taka. Baba mkwe anasema hakumwoza binti yake kwa mzoa taka. Niingie, au nisubiri mgodi mwingine? Usingizi sina.

BiMkubwa_Shela: Huyo mkwe akisha kula samaki, miba huzolewa na nani? Halali ni halali, mwanangu.

FundiJahazi: Hapa Lamu, Flipflopi, lile jahazi, iliundwa kwa plastiki iliyookotwa, ikashushwa majini 2018, mwaka uliofuata ikafika Unguja. Sisi wa mbao tulicheka. Sasa mbao zenyewe bei yake... tuyaache.

Nyundo: Kaka, taka utazizika wapi?

MwanaSabaki: Pahali papo.

Nyundo: Wapi?

MwanaSabaki: Timbo la zamani, la mawe ya matumbawe. Shimo liko tayari, sina gharama ya kuchimba. Arubuni nimeshatoa kwenye kiinua mgongo. Msinitishe, mashimo ndiyo fani yangu.

Nyundo: Matumbawe yana vitundu, bwana! Mvua ikipiga, maji ya taka yanateremka hadi visimani. Chini wataka udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, juu yake karatasi nene ya plastiki, mabomba ya kukusanya hayo maji, na njia ya kutoa gesi ya methani. Na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kabla ya lori la kwanza.

MwanaSabaki: Nayajua. Nitaanza kidogo kidogo. Watu wa pale wana mfereji wa maji ya Baricho.

MamaViazi: Mfereji ukikauka twarudi kisimani, ama hulijui hilo?

Mdadisi: Hadithi ya kutunga hii. Injinia gani azike taka kwenye matumbawe? Na kwenye uzi mwingine ulijisifu kupiga baruti. Kwale ni mchanga, ulibomolewa kwa maji ya kasi. Baruti ya nini?

MwanaSabaki: Baruti ni kazi yangu ya kwanza, machimbo ya kokoto. Kwale nilikuwa upande wa bwawa la makapi, yale mabaki ya mchanga uliokwisha chujwa.

Mdadisi: Basi weka mkataba wa arubuni tuuone.

MwanaSabaki: Siwezi. Mwenye timbo ni shemeji yangu, na humu anasoma.

BiMkubwa_Shela: Kumbe! Shemeji, karibu. Visima vya majirani viko umbali gani?