ETI "ZOTE NI NANE"! Huyu fundi ameniua leo

Bolti_ya_Baba:
Wakuu, naandika na grisi mikononi. Yule fundi mnamjua, sina haja ya kumtaja: kofia ya sufu jua la saa saba, spana moja, maneno elfu. Nimempa Land Rover 109 ya marehemu mzee afunge bolti MOJA. Moja! Ya kifuniko cha themostati.

Tundu ni la inchi 5/16, nyuzi 18 kwa inchi. Akachomoa bolti ya M8 kwenye kopo. Nikamwambia, fundi, hiyo ya milimita, hapo ni inchi. Akanitazama kama mtoto aliyeomba hela ya barafu: "Bosi, zote ni nane."

ZOTE NI NANE!

Ikaingia mizunguko miwili ikagoma. Mwenye akili angeichomoa. Yeye kachukua kipande cha bomba la maji, kakichomeka kwenye mkono wa spana, kaning'inia. Ikalia kreeee, mbwa wa jirani akanyamaza. Alumini ikamwagika kama sembe. "Unaona? Imekaza."

Imekaza nini? Sasa hivi inazunguka kama feni. Eti uzi ulishakufa tangu enzi za mzee. Na soda kaomba! 5/16 ni milimita 7.94, M8 ni milimita 8, na hatua za nyuzi hazifanani hata kidogo, halafu ZOTE NI NANE?

Spana_Kumi:
Wakati ananing'inia kwenye bomba ulikuwa wapi? Sema ukweli, ulikuwa umeshika tochi.

Bolti_ya_Baba:
Nilikuwa nimeshika tochi. Lakini nilisema!

Mama_Vitenge:
Nimefungua nikidhani uzi wa cherehani 😂

Babu_wa_Gereji:
Kijana, kopo la bolti ni la nani?

Bolti_ya_Baba:
Langu, ila hiyo siyo mada.

Babu_wa_Gereji:
Ndiyo mada yenyewe. Umechanganya bolti za mzee na za pikipiki yako, halafu unamlilia mwenye kofia. Shukuru hajagusa gearbox, kwenye Land Rover za Series kama hiyo unaweza kukutana na BSF, nyuzi za zamani za Kiingereza: 5/16 hiyo hiyo, nyuzi 22. Weka helikoili, ule uzi wa waya wa kupachika kwenye tundu lililokufa, nyamaza.

Spana_Kumi:
Babu kamaliza. Hiyo 109 unaiuza?

Bolti_ya_Baba:
SIUZI. Bomba la maji wakuu! Kwenye alumini!

Diski_Ngumu:
Afadhali wewe. Mimi mtu wa kompyuta kachukua skrubu ya diski kubwa, ile 6-32 ya inchi, kaisindilia kwenye SSD, diski ndogo inayotaka M3 ya milimita. Nikamwona anatoa jasho, nikajua kwisha. Leo SSD nimeifunga kwa rababendi.

Mama_Vitenge:
Nyie mnalilia skrubu. Regyuleta ya gesi niliyouziwa jana haiingii kwenye mtungi, mwenye duka anasema nibadilishe mtungi!

Diski_Ngumu:
Dada, mitungi ina vali tofauti. Wako kilo ngapi?

Mama_Vitenge:
6.

Spana_Kumi:
Kilo 6 kwa familia? Ukiinjika maharage mara mbili imeisha. Mimi nilisharudi kwenye mkaa.

Bolti_ya_Baba:
Wakuu, helikoili ya 5/16 naipata wapi?

Babu_wa_Gereji:
Huko kwenu gunia la mkaa bei gani siku hizi?